Aliyefika Lami

Mngurumo ulitangulia. Ulianza mbali, kama jiwe la kusagia linalosukumwa na mtu aliyechoka, ukasogea, ukanenepa, ukajaza masikio; na ulipofika kileleni ikajitokeza sauti ya mwanamume iliyokuwa ikipigania nafasi ndani yake.

"Nimefika lami. Mwenyewe bado sijamwona. Nikimpata tu, nakuja naye kwako."

Upepo ukaipiga simu, mngurumo ukapita, pakawa kimya.

Jabali Pettway akafumbua macho. Ushahidi wa sauti aliusikiliza akiwa amefumba, kwa sababu jicho ni mchongezi, huliambia sikio cha kusikia kabla halijasikia. Sasa sebule ikarudi: ghorofa ya juu upande wa magharibi wa Alexandria, mapazia yaliyofungwa mchana kweupe, chupa ya chai ambayo hakuna aliyeigusa, na watu watatu wakimtazama kana kwamba amemficha mtu wao ndani ya koti.

"Ni lori," akasema Wairimu, mke wa aliyepotea. "Nimeisikiza usiku kucha. Ni lori kubwa, na yeye amesimama kando ya barabara. Si amesema mwenyewe? Lami."

Polisi nao walishika neno hilohilo. Tangu asubuhi walikuwa wakipita kando ya barabara kuu inayoshuka kwenda Woodbridge, wakichungulia mitaro na vituo vya mabasi. Kampuni ya simu ilikuwa haijawajibu. Hospitali walizopigia hazikuwa na mgonjwa aitwaye Solomon Gichuki.

Wairimu alieleza mara ya pili, kwa sababu mpelelezi husikia vizuri zaidi mara ya pili kuliko ya kwanza. Mumewe alitoka jana alasiri kwenda kupanda basi, kwa kuwa haendeshi gari. Alikuwa amebeba mkoba wake wa bluu wenye dawa ya sukari, biskuti na chupa ya juisi. Hakusema anakwenda wapi, alisema tu kwamba akirudi atakuwa na habari njema. Jua lilipokuwa linazama ukaingia ujumbe ule wa sauti. Baada ya hapo simu yake ikazimwa.

"Yeye hujidunga ndio ale," akasema. Kazi yake ilikuwa kutunza wazee majumbani mwao, na alizungumza kama mtu anayekabidhi zamu. "Akijidunga asikule, sukari inashuka, anazima kama taa. Alishazima siku moja, hapo tu umekaa. Nilikuwa jikoni. Kama ningekuwa kazini, Bwana Jabali, tungekuwa tumeshamzika."

Hilo lilikuwa la kwanza. La pili lilikuwa Jumatatu.

Jumatatu Solomon Gichuki, mlinzi wa maegesho ya hoteli, alitakiwa kuketi mbele ya mawakili mjini Washington na kula kiapo. Kabla ya kuja Marekani aliwahi kuwa karani wa geti huko Lomerok, kimji cha kaskazini mwa Kenya kilichochomoza siku mafuta yalipogunduliwa. Kontrakta mmoja alipewa kazi ya kuondoa tope lenye sumu linalotoka visimani. Badala ya kulipeleka linakopaswa kuzikwa, alilitia kwenye mapipa akayafukia palepale karibu na mji. Sasa watoto wa Lomerok wanatoka vidonda midomoni, na mawakili wanataka mtu wa kuwaonyesha mahali. Ramani ya kampuni haionyeshi kitu. Ramani iliyobaki ilikuwa kichwani mwa Solomon.

Mmoja wa wale watatu sebuleni alikuwa Mzee Kalisti, mzee wa kanisa lao, Mtanzania wa Kagera, mrefu, mwenye mvi zilizochanwa vizuri na Kiswahili cha kumtoa nyoka pangoni. Yeye ndiye aliyefika wa kwanza jana kumfariji mama, na tangu hapo hakuondoka. Jabali alimwamkia shikamoo, naye akapokea marahaba kwa furaha, akamwuliza kijana kama huyu wa Kimarekani adabu hiyo kaipata wapi.

Aliipata chuoni. Jabali alizaliwa na kukulia kusini-mashariki mwa Washington, akawa polisi, akaacha, akafungua ofisi yake ya upelelezi. Kiswahili alikisoma kwa hasira, kama mtu anayedai mali aliyodhulumiwa babu yake, na alikijua kwa sarufi zake na ngeli zake. Waliozaliwa nacho walimcheka kidogo, kisha wakampa kazi.

Akamwuliza Kalisti kama Solomon alimsimulia habari za Lomerok.

"Kunisimulia alinisimulia," mzee akajibu. "Lakini mimi huko sikujui, mwanangu. Lomerok naijua kama ninavyoujua mwezi. Kenya yenyewe nimeipita angani tu."

Wanja, binti yao, alikuwa amekaa sakafuni akikumbatia magoti. Aliulizwa kwa Kiswahili akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Wiki hizi, alisema, baba alikuwa anashinda kwenye simu na kinyozi mmoja wa Adelphi, Maryland, wanacheka hadi mama anafunga mlango. Wairimu akasonya. Watu wa Lomerok, akasema, ni kelele na pombe tu, yeye hakuwahi kuwataka nyumbani mwake. Yeye ni wa Nyeri, huko jangwani hakuwahi kukanyaga. Kisha akakumbuka anamzungumzia mume ambaye huenda ni maiti, akafunika uso kwa khanga.

Kalisti akamwekea mkono begani. "Mama Wanja, usijimalize. Mtu akienda kupokea mgeni hukwama. Ndege zenyewe siku hizi zinachelewa, simu zinaisha chaji. Tuombe."

Wakaomba. Jabali alisema amina, akateremka ngazi mbilimbili.

Hakuelekea barabara kuu. Polisi wenye magari walikuwa huko, na mtu mmoja zaidi wa kuchungulia mitaro asingeongeza kitu. Aliketi ndani ya gari lake na kucheza sauti ile tena, na tena, hadi maneno yakaacha kuwa maneno, yakawa vyuma vya mashine ambavyo unaweza kufungua kimoja kimoja.

Nakuja naye kwako.

Akaisimamisha hapo. Mwanamume anayemwambia mkewe kwamba anarudi husema nakuja nyumbani. Kwako ni kwa mtu mwingine. Wairimu hakuona, kwa sababu mwenye uchungu husikia sauti, hasikii kiambishi. Basi ujumbe haukuwa wake. Kidole cha Solomon kilibonyeza jina la mke badala ya jina la mtu mwingine, mtu anayeelewa nusu ya habari tayari, mtu wa kuambiwa "mwenyewe" bila kutajiwa jina.

Halafu nimefika lami.

Hili lilikuwa limemkwaruza tangu mwanzo, akalipuuza. Mtu hafiki barabara, hufika barabarani. Hafiki lami, hufika kwenye lami. Jabali alidhani ni mazoea ya Wakenya kumeza maneno madogo. Lakini mtu hufika Nairobi. Hufika Alexandria. Hufika Kisumu. Kisicho na "kwenye" wala "-ni" ni jina la mahali.

Akatia gari moto, akashika njia ya Maryland.

Kinyozi wa Adelphi alikuwa Gitau, mnene, mchangamfu, kitana kimechomekwa nyuma ya sikio. Duka lake lilikuwa baina ya wauza simu na mgahawa wa Wasalvador, na juu ya kioo kikubwa alikuwa ametundika picha: mji wa mabati, mchanga mwekundu, na nyuma yake ndimi za moto zinazotoka kwenye bomba refu. Alimsikiliza Jabali akijitambulisha, akamgeukia mteja wake.

"Huyu msee anaongea kama taarifa ya habari. Kaa chini, bwana. Unataka kunyoa ama unataka kusoma hali ya hewa?"

Jabali akamwambia Solomon amepotea. Mashine ikazimwa. Gitau hakuwa na habari. Solomon alimwahidi jana kumletea mgeni wa kumtoa machozi. Akamngoja na nyama choma, nyama ikapoa, akalala na kinyongo. Kumpigia Wairimu hakuthubutu, mama yule humkatia simu.

"Ujumbe wako ulienda kwake," Jabali akasema, akamchezea ile sauti.

Gitau aliinamisha kichwa. Mngurumo ulipofika juu alitazama dari, kama mtu anayekwepa.

"Hapo Lami ni wapi?" Jabali akauliza.

"Lami?" Gitau akamtazama kwa mshangao. "Si ni uwanja wa ndege."

Mteja aliyekuwa na nusu ya kichwa kilichonyolewa akawageukia wote wawili. Gitau akaona haelewiwi, akashika kitana na kuelekeza kwenye picha.

Lomerok, alieleza, ilijengwa na watu wenye haraka, na wenye haraka hawangoji serikali iwape majina. Kisima cha kwanza kilipochimbwa kikatoka kikavu, mahali pale pakaitwa Pole. Mtaa wa mabaa ukaitwa Dubai. Bomba la moto liliitwa Jirani, kwa sababu halikulala wala halikuacha mtu alale. Wanawake walisukia watoto nywele kwa mwanga wake, na mbuzi wakapoteza hesabu ya usiku na mchana. Bomba la maji la kampuni waliliita Mahakama, kwa kesi zilizopigwa pale kila asubuhi. Yeye mwenyewe alikuwa na duka lake la kinyozi katikati ya Dubai na Mahakama. Waliotoka kulewa na waliotoka kupigana wote walipita kwake.

"Na Lami?"

"Lami ilikuwa moja tu. Kutoka Kitale hadi kwetu ni vumbi, mawe, mito mikavu. Kampuni ikaja ikamwaga lami mahali pamoja pekee, ndege zake zitue. Hakuna gari lililokanyaga. Ikawa ndio jina. Mgeni akija, mnaenda kumpokea Lami. Mtu akifutwa kazi, tunasema amepelekwa Lami. Hata leo mimi na Solo tukisema Lami ni hapo National, Dulles, popote. Lakini hayo ni ya mtu wa Lomerok na mtu wa Lomerok. Huwezi kuyapata kwa kitabu, bwana taarifa ya habari."

Jabali hakucheka. Alikuwa amesimama na mkono hewani, maana sebule ya Alexandria ilikuwa imemrudia, mkono begani kwa mama, sauti tamu ya kufariji. Ndege zenyewe siku hizi zinachelewa. Mke alisikia barabara. Polisi walisikia barabara. Yeye na kamusi yake alisikia barabara. Mtu mmoja tu katika chumba kile alisikia uwanja wa ndege, naye ndiye aliyeijua Lomerok kama anavyoujua mwezi.

Akauliza mgeni wa kumtoa Gitau machozi angekuwa nani. Gitau hakufikiri. Angekuwa Mwita, askari wa yadi, aliyekuwa akilifungulia geti gari la kontrakta. Solomon alijua mapipa yalipofukiwa. Uso wa kontrakta hakuwahi kuuona, maana bwana yule alifika na vioo vyeusi vimepandishwa na hakushuka. Mji mzima ulimwita Bwana Tope na hakuna aliyelijua jina lake. Mwita peke yake alimwona ana kwa ana, akipokea karatasi dirishani.

"Alikuwa mtu wa wapi, huyo Bwana Tope?"

"Mwita alisema ni mtu wa Tanzania. Alisema Kiswahili chake ni kitamu mpaka unasahau anakunyima." Gitau akashusha sauti. "Lakini Mwita hajaja Amerika, boss. Mwita amenipigia asubuhi ya leo, yuko Lomerok, anauliza kesi imefika wapi. Hana hata pasipoti."

Basi mtu alimdanganya Solomon kwamba Mwita anatua. Na Solomon, mtu wa kanisa, alikwenda kumpokea na mkoba wake wa bluu.

Nje ya duka Jabali alipiga simu tatu akiwa anatembea. Ya kwanza kwa mpelelezi wa kaunti, mwanamke aliyewahi kufanya naye zamu, akamwambia asitafute barabarani tena, na kwamba kuna mzee nyumbani kwa Gichuki ambaye asiachwe aondoke. Ya pili ilikuwa maandishi tu, kwa Wanja: mtoe mama nje, sema mnaenda duka la dawa, usimwambie mtu. Wanja akajibu kwa Kiingereza, akiuliza kwa nini. Hakumjibu. Ya tatu kwa polisi wa uwanja wa National. Alichagua National kwa sababu ya mngurumo: huko njia ya ndege inapita chini kabisa, karibu na bustani ya kando ya mto, na ukiketi kwenye benchi la pale tumbo la ndege linakupita kama dari inayohama.

Ndiyo, walimwambia. Jana jioni watu waliokuja kutazama ndege walimkuta mwanamume mweusi wa makamo ameanguka kando ya benchi. Hakuwa na simu, pochi, wala mkoba. Gari la wagonjwa lilimvusha mto hadi hospitali moja ya Washington.

Jabali naye akashika njia ya Washington, foleni ikimtafuna mbavu. Kila taa nyekundu ilikuwa ya kwake. Kuanguka alianguka, lakini alikuwa hai? Hilo hawakulijua. Kazi yao iliishia kwenye mlango wa gari la wagonjwa.

Mapokezi ya hospitali walitazama kompyuta wakatikisa kichwa. Gichuki hayupo. Akawatajia kwa herufi. Hayupo. Alikuwa ameanza kuona mbele yake chumba cha maiti cha chini, droo na kitambulisho kilichofungwa kwenye kidole cha mguu, ndipo neno likamjia lenyewe, kama mbwa anayerudi nyumbani.

"Mnaye mtu aitwaye Lami?"

Msichana akabonyeza. Ndiyo. Bwana Lamy. Alipoulizwa jina, alipokuwa akizinduka, alijibu hilohilo mara nyingi, nao wakaliandika walivyolisikia. Alikuwa ghorofa ya juu. Alikuwa amelala. Sukari yake ilikuwa imeshuka mno, lakini walimwahi.

Jabali akapanda ngazi mbilimbili.

Solomon alikuwa mdogo kuliko picha zake. Mirija mikononi, midomo imekauka, macho yakitafuta. Aliposikia Kiswahili akamshika Jabali mkono kwa nguvu isiyomstahili mgonjwa.

"Mwita amefika?"

"Hakuwa akija, mzee. Nani alikuambia anakuja?"

Ilichukua muda, na yalikuja vipandevipande. Mzee Kalisti ndiye aliyemwambia. Kanisani alimfungulia moyo wote: mapipa, kiapo, na kwamba Mwita peke yake angeweza kumtambua Bwana Tope. Kalisti akajitolea kumkatia Mwita tiketi ya ndege, iwe siri, iwe furaha. Akaja mwenyewe kumsaidia kungoja. Wakakaa kwenye benchi. Kalisti akamkumbusha ni saa ya sindano, ajidunge tu, yeye anaenda kuleta chakula.

"Nikajidunga." Solomon akafumba macho. "Akasema nitachoka, akanishikia mkoba. Simu pia. Akaenda."

Kisha akasema, polepole, kama mtu anayesoma kibao cha njia panda alikokwishapotea:

"Nilimwambia tumefika Lami. Hakuniuliza Lami ni nini."

Simu ya Jabali ikatetemeka. Ilikuwa ya mpelelezi wa kaunti: mama na binti wako salama garini mwake, askari wako ngazini, mzee yuko ndani peke yake na simu ya mama. Wanachotaka ni kumkuta na mkoba wa bluu wa Solomon. Je, anaweza kumweka hapo kwa dakika chache, asije akapata nafasi ya kuutupa dirishani au kuuficha chooni?

Jabali alijiwekea kidole mdomoni kumwashiria Solomon atulie, akapiga namba ya Wairimu. Ililia kwa muda mrefu.

"Haloo, mwanangu," sauti tamu ikaitika. "Mama katoka na binti, wamekwenda duka la dawa, simu kaiacha kwenye chaji. Umepata lolote?"

"Bado natafuta barabarani, mzee wangu."

"Mungu akusaidie." Kitu kama zipu kikafungwa. "Nikuombe jambo. Huyu mama ana presha. Ukimpata mumewe, akiwa mzima au akiwa vinginevyo, usimwambie yeye kwanza. Niambie mimi. Nitajua namna ya kumweleza."

Kitandani Solomon aliisikia sauti ile. Aligeuza uso, machozi yakamtoka kwenye pembe ya jicho, yakaingia sikioni.

Jabali akasikia, mbali ndani ya simu, viatu vingi vikipanda ngazi bila haraka.

"Nakuahidi, Mzee Kalisti," akasema, akitamka kila silabi kwa Kiswahili chake cha darasani. "Nikimpata, wewe utakuwa wa kwanza kujua. Sogea mlangoni, wanakuletea habari sasa hivi."